Darubini ya 8x42 juu ya Ziwa Kivu: uzoefu wangu

Huu ni mwezi wa tano nikiitumia darubini ya 8x42 (inayokuza mara 8, yenye lenzi za mbele za milimita 42) niliyoinunua kwa dola 70, ikiwa imekwisha kutumika, katika duka moja hapa Bukavu. Kabla yake nilikuwa na ya 10x50, na muuzaji alishangaa kuona ninataka inayokuza kidogo zaidi. Lakini ndani ya boti inayokwenda kisiwa cha Idjwi, darubini ya mara 10 hukuza pia mtetemo wa injini, na ndege hubaki doa jeusi linalorukaruka.

Kazi niliyoinunulia ni kuwatofautisha minandi, ndege wa majini wanaopiga mbizi kuvua samaki. Ziwani yupo mnandi mkubwa mwenye kifua cheupe, anayefikia sentimita 90 hivi, na yupo mdogo mwenye mkia mrefu, ambaye ni sentimita 55 tu. Wakitua pamoja hakuna shida, ila kila mmoja akiwa peke yake juu ya mti wa mtumbwi wa wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, huna cha kumlinganisha naye. Mimi nilitegemea weupe wa kifua, nao ulinidanganya kwa muda mrefu, kwa sababu mnandi mdogo akiwa bado kinda naye huwa na kifua kilichopauka. Mwenye boti alikuwa na maelezo yake: "Papa, ile kidogo ni mutoto ya ile kubwa."

Asubuhi moja, mita kama 40 kutoka kwetu, huyo "mutoto" alitua kukausha mabawa, mweusi mwili mzima, mdomo mfupi, na jicho jekundu kama pilipili iliyoiva. Jicho hilo ni la ndege aliyekomaa. La kinda ni la kahawia. Nilimpa mwenye boti darubini, akatazama kwa muda, akanirudishia bila kusema neno.

Kasoro zipo. Pete ya kurekebisha jicho la kulia hulegea, nami nimeifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Alfajiri yenye baridi lenzi hupata ukungu kwa ndani. Kibaya zaidi, jua likiwa kali, kila kitu cheupe huzungukwa na ukingo wa zambarau, hivyo buabua, ndege weupeweupe wa majini ambao ili kujua aina yao lazima uone kama mgongo karibu na mkia ni mweupe au wa kijivu, wananishinda kabisa. Kwa dola 70 siirudishi dukani, lakini buabua ninawangojea siku ya mawingu.