"Hukuuliza": kinanda changu cha mtumba na adapta ya volti 100

Niseme mapema: duka lenyewe sitalitaja, hata mkinipigia magoti. Lipo Kariakoo, na Kariakoo maduka ya vyombo vya muziki si moja wala mawili. Kinanda nilichonunua nacho sitataja jina lake, kwa sababu waliokitengeneza hawakunikosea kitu. Aliyenikosea ni kijana mmoja mwenye tabasamu zuri sana, na hadi leo nikikumbuka neno lake moja, chai inanipalia.

Mimi ni sauti ya tatu kwenye kwaya ya kigango chetu, huu ni mwaka wa kumi na kitu. Nota nasoma, lakini ni hizi zetu za do, re, mi. Mpiga kinanda wetu alihamishwa kikazi kwenda Songea, tukabaki tunaimba makavu kama watu wa msibani. Mwalimu wa kwaya akawa anatupa sauti kwa kukisia. Jumapili moja alitupa sauti ya juu mno, sauti ya kwanza wakapasuka katikati ya "Utukufu" mbele ya padri mgeni. Siku hiyo hiyo nikaamua: nitajifunza mwenyewe. Mama watoto akacheka hadi akakaa chini.

Kabla ya kuhama, mpiga kinanda wetu alinipa darasa fupi. Akaniambia, kaka, usinunue vile vinanda vya mapambio, vyenye funguo 61 na mapigo ya zuku na rumba tayari ndani. Si vibaya, akasema, ila vidole vyako vitakuwa vya karatasi. Tafuta chenye funguo 88 nzito, zile zinazosukuma nyundo ndani, ukibonyeza taratibu kinanong'ona, ukigonga kinapaza. Halafu tafuta kisicho na miguu, cha kubebeka, maana nyumba yako naijua. Hapo alinigusa kidonda, lakini ni kweli: sebule yangu ukiweka sofa na friji, kinachobaki ni njia.

Nilijaribu na vile vya kukunja vinavyotumia betri, vinaingia kwenye begi la mgongoni. Nilikibonyeza kimoja dakika tano. Funguo zake ni kama rimoti ya televisheni. Nikakirudisha mezani.

Kipya cha funguo nzito bei yake ilinitoa jasho, ndipo nikageukia mtumba wa Japani. Na hapa nitamtetea kidogo yule kijana, kwa haki tu: mauzo anayajua. Nilivyoingia tu, "Karibu bosi wangu." Nikaulizia, "Bosi, umekuja mahali penyewe." Akakitoa kwenye nailoni, akakifuta kwa kitambaa, akachomeka, akanichezea wimbo mmoja wa Pasaka nusu, nami nikajikuta naimba sauti ya tatu palepale dukani, wateja wengine wakapiga makofi. Chini ya meza kulikuwa na boksi jeusi la chuma, zito, linanguruma pole pole kama paka. Nikaliona. Nikadhani ni stabilaiza, maana umeme wa mjini tunaujua. Likumbukeni hilo boksi.

Tukavutana bei hadi laki nane na nusu, kinanda, adapta yake, na kile kibao cha kuwekea nota. Risiti ameandika kwa mkono, na chini imepigwa chapa "Mali ikishauzwa hairudishwi". Nimeiona hiyo chapa maisha yangu yote, hata kwenye risiti ya misumari. Sikuijali.

Kubebeka nako kuna maana mbili. Kinabebeka, ndiyo: kilo kumi na moja hivi, ni kama mfuko wa unga na ushee. Lakini mfuko wa unga hauna urefu wa mita moja na robo na zaidi. Kwenye daladala konda alikiangalia, akaniangalia, akasema huyo mwenzako naye alipe. Nikalipa nauli ya watu wawili. Anayetaka kununua na hana gari, achukue bajaji, kinakaa kiti cha nyuma kwa kukingama vizuri kabisa.

Nyumbani jioni. Watoto wamejipanga. Nikakilaza juu ya meza ya chakula, nikachomeka adapta ukutani, nikawasha swichi ya soketi, kisha nikaanza kutafuta tundu la waya nyuma ya kinanda. Sikulipata. Miwani yangu ilikuwa chumbani. Napapasa, napapasa, mara harufu. Halafu mlio, "tih", mdogo tu. Halafu moshi mwembamba ukutani, na mwanangu wa mwisho akapiga kelele, "Baba, kinanda kinaungua!"

Kinanda kilikuwa hakijaguswa na umeme hata chembe. Kilichoungua ni adapta. Nilipoletewa miwani ndipo nikasoma yale maandishi ya mchwa mgongoni mwake. Mengi ni Kijapani, lakini namba ni namba: 100V. Kwetu soketi inatoa 230. Umeme wa Japani wa majumbani ni volti 100, na adapta nyingi zinazouzwa kwa ajili ya kule kwao zimetengenezwa kwa hizo hizo 100, hazivumilii zaidi. Nimemwekea mtoto wa watu mzigo mara mbili na zaidi ya uwezo wake. Na lile boksi chini ya meza ya kijana lilikuwa la kupunguza umeme, mafundi wanaliita stepdauni. Linachukua 230 yetu linatoa 100 yao.

Yaani alijua. Hapa ndipo damu inapopanda. Angekuwa hajui, ningesema bahati mbaya, tuko wote gizani. Huyu alijua kiasi cha kununua boksi lake mwenyewe la kujaribia, akaliweka chini ya meza, akanipa adapta mkononi, akaniambia "Mungu akubariki bosi."

Kesho yake asubuhi nilikuwa pale hata mapazia hayajafunguliwa. Nikamwonyesha adapta. Akainusa (akainusa!), akaniambia, "Mzee, hii umeiunguza."

Angalieni hapo. Jana bosi, leo mzee. Sina ugomvi na uzee, mvi ninazo. Ugomvi wangu ni ule usiku mmoja niliozeeka.

Nikamwuliza kwa nini hukuniambia ni ya volti mia. Akanitazama kama mtu anayetazama mvua, akasema, "Hukuuliza."

Hukuuliza! Mtu anayekwenda kununua chombo chake cha kwanza maishani aulize nini? Nilimwuliza kinalia? Akasema kinalia. Nilimwuliza kuna kasoro? Akasema hakuna. Nilipaswa niulize, ndugu yangu, je, nikikichomeka ukutani nyumbani kwangu, katika nchi hii ninayoishi mimi na wewe, kitanilipukia? Ukienda kununua samaki feri unauliza, samahani, hana sumu? Nikamtajia FCC, kwamba ile Tume ya Ushindani inashughulika na walaji pia, na sheria ipo tangu 2003. Akaniuliza FCC ndiyo redio gani. Wenzake wakacheka. Akamalizia, "Mzee, stepdauni tunazo, elfu sabini." Ndiyo, hilo boksi la jana, au ndugu yake.

Sikununua. Nilitoka pale natetemeka, na kama ningeandika haya siku hiyo, yangekuwa mstari mmoja: msinunue kinanda cha mtumba, kamwe, kusanyeni hela mnunue kipya. Nilikuwa tayari kukiuza kile kinanda kwa bei ya kutupa. Nilishampigia hata mtu mmoja.

Aliyenituliza ni fundi redio wa mtaani kwetu, mtu mzima, kibanda chake kina upana wa mlango. Nimemwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Akakipindua kinanda, akasoma nyuma. "Baba, chenyewe kinakula volti 12 tu. Hakijui habari za 100 wala 230, anayejua ni adapta." Akanionyesha alama iliyochongwa pembeni ya tundu: kidoti ndani ya kiduara kilichokatika, upande mmoja plasi, upande mwingine mainasi. Hii, akasema, inakuambia chanya iko ndani ya pini au nje. Ukikosea hapo, ndipo unaua kinanda chenyewe, si adapta. Na usilete adapta yenye ampea pungufu, yaani isiyoweza kutoa umeme wa kutosha, itachemka. Yenye ampea nyingi zaidi haina neno, kinanda kitachota kinachohitaji tu. Akachakura kwenye ndoo ya waya, akatoa adapta ya volti 12, chanya ndani kama kilivyotaka kinanda, yenyewe inapokea kuanzia 100 hadi 240. Akaipima kwa mita, akachomeka. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Akanidai elfu kumi na tano.

Elfu kumi na tano! Kijana alitaka elfu sabini. Tena yangekuwa maboksi mawili ya kubeba kwenda kanisani, na stepdauni ile uzito wake ni kama tofali. Huo nao utaitwa kubebeka?

Na fundi akaniambia jambo lililoniweka kimya njia nzima: ningekuwa na miwani jioni ile, ningeliona tundu, ningechomeka waya kwanza, na adapta ya namna ile ikipewa umeme uliozidi inaweza kupitisha uliozidi hadi ndani. Laki nane na nusu ingekwenda na moshi. Upofu wangu ndio ulioleta maafa, na upofu wangu ndio ulioyazuia. Sijui nimshukuru nani.

Sasa kinanda. Jamani. Nimejaribu kukichukia nimeshindwa. Kila usiku watoto wakilala navaa hedifoni, jirani hasikii kitu ila vidole vyangu, tok tok tok, kama mtu anayemenya njugu. Wiki za mwanzo mkono wa kushoto ulikuwa mgeni mwilini mwangu. Mkono wa kulia unaimba sauti ya kwanza, wa kushoto unakwenda popote. Zile funguo nzito nilizilaani, zinachosha kiganja, nikasema yule bwana wa Songea alinionea. Halafu siku moja nilikaa kwenye kibodi cha funguo nyepesi cha parokia nikasikia kabisa kwamba vidole vimepata misuli. Kila kidole kinajua kinabonyeza kiasi gani.

Kwa sisi wa do-re-mi kuna mtego mmoja nitausema, maana sikuambiwa. Sisi do inahama: karatasi ikisema Do = G, do ni G, ikisema Do = F, do ni F, na mwimbaji hana shida. Kwenye kinanda funguo hazihami. Kuna kitufe cha kuhamisha, unabonyeza mara kadhaa na wimbo wowote unaupiga kwa funguo nyeupe kana kwamba ni C. Wapiga vinanda wengi wa makwaya wanaishi humo humo, na nimewaheshimu miaka yote bila kujua. Nami nilikaa humo miezi. Sasa nimejikataza, napiga F kama F, na ule ufunguo mmoja mweusi wa fa unanitesa kila Jumamosi. Labda nitarudi kwenye kitufe. Sijaamua.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama mtumba wa Japani unafaa kwa anayeanza, leo nasema ndiyo, tena sana, kwa hela ile kipya cha funguo nzito nisingekigusa. Nenda na miwani. Pindua adapta usome. Angalia chini ya meza ya muuzaji. Jana ningekuambia usithubutu, na kesho nikikutana na yule kijana huenda nikakuambia hivyo tena.

Maana nimekutana naye, kwa njia ya mzunguko. Nilihitaji pedali, ile ya mguu ya kuvuta sauti isikatike. Nikazunguka Kariakoo nzima, walionayo ni wao tu. Mimi kuingia pale siwezi. Nikamtuma mama watoto. Aliitwa "mama yangu", akaletewa kiti, akapunguziwa elfu tano, akarudi ananisifia kijana yule yule kwa adabu zake.

Nikaichomeka usiku huo huo. Nikakanyaga, sauti ikakatika. Nikainua mguu, sauti ikavuta. Kinyume kabisa! Nikakanyaga tena, kinyume. Nikasema si nilisema? Si nilisema? Kauza pedali mbovu, na nikienda ataniambia hukuuliza kama inafanya kazi kwa kukanyaga au kwa kuinua. Asubuhi nilikuwa nimeshavaa viatu, pedali iko kwenye mfuko, hotuba nimeipanga yote kichwani, nikapita kwa fundi ili nipate shahidi.

Akanisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza swali moja: wakati unawasha kinanda, mguu ulikuwa wapi?

Ulikuwa juu ya pedali. Kumbe vinanda vingi vya namna hii vinapowashwa vinaikagua pedali na kuamini kwamba hapo ilipo ndipo imetulia. Ukiwa umeikanyaga, kinashika kinyume mpaka ukizime. Nikarudi nyumbani, nikakizima, nikaweka miguu yote miwili chini ya kiti kama mtoto wa komunyo, nikakiwasha.

Inavuta vizuri. Mama watoto ameuliza mbona nimewahi kurudi, nimemwambia foleni ilikuwa kubwa.