Fundi wa redio za gari Gerezani: AUX ya Noah yangu imepona, picha na sauti

Jamani huyu fundi wa pale Gerezani, Kariakoo, lazima nimsemee vizuri maana nilishakata tamaa kabisa. Noah yangu bado ina redio iliyokuja nayo kutoka Japani, FM inaishia 90 kwa hiyo stesheni nyingi za hapa Dar hazishiki, tegemeo langu ni AUX tu, lile tundu la kuchomekea vifaa vya nje, na nyuma juu kuna kiskrini ambacho wanangu wanaangalia katuni za flashi tukienda Moshi. Sasa kideki cha flashi kikafa, nikanunua kingine nikachomeka kwenye waya ule ule wa zamani, picha hakuna, sauti inakuja na muungurumo kama kuna jenereta uani. Duka la kwanza hata waya hawakuugusa, wakasema redio imekufa, nunua ya android laki 3 na 80.

Huyu yeye alichukua mita akakaa kiti cha mbele mlango wazi. Akanionyesha pini ya AV, yaani ya picha na sauti, ukiiangalia vizuri ina mistari mitatu myeusi, maana yake imegawanyika sehemu nne, ncha ni sauti ya kushoto, inayofuata ya kulia, halafu mbili za mwisho ni picha na ethi (waya hasi), na balaa liko hapo sababu kuna viwanda vinaweka ethi ya tatu picha ya mwisho na vingine vinageuza. Akagusa ganda la ile jeki ya njano ya picha, ambalo ndiyo ethi, na sehemu ya mwisho ya pini, mita kimya, akasogeza ya tatu ikalia tiiii, maana yake waya wangu ethi iko ya tatu. Kideki kipya kinataka ethi iwe mwisho! Waya mzima, redio nzima, havielewani tu. Akanipa waya mwingine elfu 8, picha ikaja ila haina rangi na inapanda juu juu haitulii, akaingia setingi za kideki akatoa mfumo wa picha wa PAL akaweka NTSC unaotumika Japani kwa vile redio ni ya huko, ikatulia hapo hapo.

Ikabaki sauti nyembamba kama ya mbu, ukikanyaga mafuta na yenyewe inapanda. Akachomoa chaja ya simu kwenye tundu la sigara, kimya. Hili hata wewe jaribu nyumbani kabla hujatoa hela, kama mbu anaondoka na chaja basi ni ethi mbili zinagombana, akaweka kile kiboksi kidogo cha kutenganisha ethi katikati ya waya wa sauti, elfu 12.

Nikamuuliza mbona skrini ya mbele picha inakata nikishusha hendibreki sauti inabaki, akasema hiyo sio ubovu, imetengenezwa hivyo dereva asiangalie, nikamwomba aukate ule waya wa hendibreki akakataa kabisa, akasema skrini ya nyuma ndo inatosha kwa watoto. Kwa hilo nimemheshimu sana.

Kasoro ni kwamba hana kivuli, nimekaa juani masaa mawili, na waranti ni ya mdomo tu. Jumla nimetoa elfu 35 na ufundi humo humo. Ukienda beba kideki chako na waya wake, mimi mara ya kwanza nilienda na gari tupu akanirudisha mpaka Mbagala kuvifuata.