Maharage ya kupanda juu ya fito: mbegu ipi ununue kwa bustani ya Dodoma

Niliwahi kuuziwa hapa mjini pakiti niliyohakikishiwa kuwa ni maharage ya kutambaa. Nikachimbia fito za mita mbili na nusu, nikafunga kamba, nikasubiri. Mimea ikakomea magotini. Zile fito tukaishia kuanikia nguo. Tangu siku hiyo sinunui mbegu ya maharage bila kuuliza jina la aina, na nikijibiwa "ni yaleyale tu" naondoka zangu.

Nazungumzia maharage ya kula na ganda lake yakiwa machanga, yale yanayopanda mti au kamba. Kwa uwanja mdogo wa Area C au Ilazo yanashinda yale mafupi: hayali nafasi, unachuma umesimama, na badala ya kuzaa kwa mkupuo mmoja yanakupa mboga kwa wiki nyingi ilimradi uchume bila kuacha maganda yakomae mtini. Ladha nayo huwa nzito zaidi. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba mmea mrefu una majani mengi ya kulisha kila ganda.

Tatizo letu ni joto. Maharage ya kawaida hufurahia nyuzi 18 hadi 25. Mchana ukipita 30 na usiku usipopoa vizuri, maua yanapukutika bila kutunga. Oktoba na Novemba ndiyo hali yetu hiyo. Lakini Juni na Julai usiku wa Dodoma unadai blanketi, na hapo ndipo maharage yanapojisikia nyumbani. Kwa hiyo kabla ya kuchagua pakiti, jiulize utapanda mwezi gani. Hivi ndivyo ninavyozipanga mimi.

1. Kentucky Wonder. Kwa ladha peke yake hakuna inayoifikia. Ni aina ya zamani ya Marekani, inayouzwa tangu karne ya 19, na ganda lake hufika sentimita 18 au zaidi. Ukilitafuna unajua umekula haragwe, si maji ya kijani. Huanza kuchumwa baada ya siku 60 hadi 65, kwa hiyo ukipanda mwishoni mwa Aprili au mapema Mei, maua yanakutana na baridi. Ukipanda Septemba, usinitafute. Kasoro yake ni uzi wa pembeni ya ganda: ukichelewa siku mbili tatu kuchuma, utakuwa unachomoa nyuzi kama unashona gunia.

2. Kunde ndefu. Wapo watakaosema nimetoka nje ya mada, maana hii si haragwe, ni ndugu wa kunde. Mpishi hajali. Ganda lake hufika nusu mita, linapanda kamba vilevile, na joto linaloiangusha Kentucky Wonder ndilo linalolinenepesha. Ladha yake haina utamu mwingi, ni ya kunde kabisa. Usiichemshe kwa muda mrefu, inalegea. Ikate vipande, ikaange na kitunguu na nyanya, ile na ugali wa mtama. Ichume ikiwa na unene wa penseli, kabla punje hazijavimba.

Kuna sababu nyingine ya kuiweka juu hivi: maji. Visima vingi vya huku vina chumvi, na haragwe la kawaida ni miongoni mwa mazao yanayodhurika haraka na chumvi, pembeni mwa majani yanaungua kama yamepitishwa motoni. Jamii ya kunde inavumilia zaidi. Kama unamwagilia maji ya kisima yenye chumvi, basi kwako hii ndiyo namba moja, na ule mjadala wa ladha umeisha.

3. Rattlesnake. Ganda la kijani lenye michirizi ya zambarau, inayopotea ikiiva jikoni. Inastahimili joto kuliko maharage mengi ya kutambaa, na punje zake kavu pia zinapikika vizuri. Ingekuwa ya kwanza, ila si ya kuikuta kirahisi dukani. Usimwombe shemeji aliye ughaibuni aifiche kwenye begi: mbegu kutoka nje inahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea, na wanaohusika ni TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Wanaogopa magonjwa, na wana haki.

4. Fiwi, au ngwara kama wengine wanavyoiita. Mizizi inakwenda chini sana, ukame hauitishi, na uzio wa seng'enge unaweza kuufunika wote. Maganda machanga yana harufu kali, si kila mtu ataipenda. Punje kavu zichemshe sana na umwage maji ya kwanza. Mbuzi wa jirani watakuwa wateja wako wa kwanza.

5. Blue Lake. Laini, haina uzi, tamu. Inafaa zaidi milima ya Kondoa kuliko bondeni Bahi.

Maharage yenye maua mekundu ya kuvutia, Scarlet Runner, acha. Ni ya nchi za baridi. Hapa utapata maua ya kupiga picha tu.

Dukani, soma jina la aina, tarehe ya kupimwa na asilimia ya uotaji. Tafuta lebo ya TOSCI, taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu. Mbegu iliyopakwa dawa, mara nyingi yenye rangi ya waridi, usiipike hata kama imebaki. Na maharage ya sokoni Majengo yaache yawe ya kupika: mengi ni ya aina fupi, tena yamechanganywa, na yanaweza kubeba ugonjwa wa batobato. Ukifika nyumbani, funga punje kumi kwenye kitambaa chenye unyevu. Zikiota chini ya saba ndani ya wiki, panda kwa msongamano zaidi au urudishe pakiti.

Bajeti ya fito nayo iwe ya kweli. Mabua ya uwele yanabeba kunde, hayabebi Kentucky Wonder likiwa limejaa majani kwenye upepo wa Julai. Chimbia sentimita 50 na uweke upande unaokingwa na ukuta.

Pakiti moja ya kila aina inatosha, na si kila mwaka. Maharage haya hujichavusha yenyewe, kwa hiyo acha maganda ya mimea miwili mitatu yenye afya yakauke mtini, pukuchua, changanya punje na majivu kuzuia fukusi, fungia kwenye chupa kavu hadi Aprili.