Dholl puri ya Mauritius, hapa hapa Kabalagala, Kampala

Jumamosi nilikula dholl puri mbili kwenye mgahawa mdogo wa Kimauritius, na hadi leo naziwaza. Ni chapati nyembamba, laini, yenye dengu za manjano zilizosagwa ndani yake, inakunjwa pamoja na mchuzi wa maharage na rougaille, yaani sosi ya nyanya. Mimi niliyekua nikila rolex za kando ya barabara, chapati zilizoviringishiwa mayai, nilidhani chapati naijua. Hii ni nyingine kabisa.

Nikamwuliza mpishi, "Mama, Wahindi walifikaje kwenu?"

"Mwanangu, kisiwa hakikuwa na mwenyeji." Wafaransa walileta watumwa kutoka Madagaska na Msumbiji. Utumwa ulipokaribia kukomeshwa mwaka 1835, chini ya Waingereza, mashamba ya miwa yalitaka mikono, na kati ya 1834 na 1920 karibu vibarua nusu milioni walishukia Port Louis, wengi kutoka Bihar, India. Ndiyo maana rougaille ina jina la Kikrioli na chapati asili yake India, sahani moja. Nilimkumbuka babu akisimulia vibarua wa Kihindi waliojenga reli ya Mombasa.

Chai ilikuja imepoa, na achari ilikuwa kidogo mno. Nendeni kabla ya saa saba, dengu huisha.