Nimekirudia Frankenstein, tuongelee ule mwanya wa ukutani

Wadau mambo vipi, karibuni tena. Leo nipo na hiki hapa, Frankenstein cha Mary Shelley, kilitoka London mwaka 1818, na nimekirudia wiki nzima maana kila ukikitaja mtu anakwambia aah lile zimwi lenye bolti shingoni, na mimi naumia kwa kweli, bolti hazimo humu ndani, na Frankenstein sio jina la kile kiumbe, ni la kijana aliyemtengeneza, Victor. Kiumbe mwenyewe hana jina. Yaani kitabu kizima hakuna aliyejisumbua kumpa.

Mimi nasema hiki ni kitabu cha upweke kabla hakijawa cha kutisha, na ukitaka kuniamini nenda kwenye kile kibanda. Jamaa ametelekezwa usiku uleule aliofumbua macho, kazurura porini, akafika kwenye nyumba ya akina De Lacey, mzee mmoja maskini na watoto wake, akajibanza kwenye kibanda cha uani, kando ya banda la nguruwe, kifupi hata kukaa wima tabu. Ukutani kuna dirisha la zamani limezibwa kwa mbao, umebaki mwanya wa kupitisha jicho tu. Basi maisha yake yote yako kwenye huo mwanya, miezi na miezi! Anawaona vijana wanamwekea baba yao chakula, wao wanabaki hivihivi, na yeye alikuwa anawaibia akiba yao, anaacha, anakula mizizi na matunda ya mwituni, usiku anachukua vifaa vyao anaenda kuwakatia kuni, asubuhi binti anafungua mlango anakuta rundo zima nje, haelewi limetoka wapi. Hapo nilikiweka kitabu pembeni kidogo.

Kuna siku anajipa moyo anaingia, mzee yuko peke yake, na mzee ni kipofu, kwa hiyo anamkaribisha na kumsikiliza kama anavyosikilizwa mtu yeyote. Muda mfupi sana. Vijana wanarudi, Felix anamtwanga na fimbo, na yeye mwenye nguvu za kumrarua harudishi hata pigo moja.

Victor sasa, huyo simhurumii kiasi hicho. Ana baba, ana Clerval rafiki wa kufa na kuzikana, ana Elizabeth mchumba wake, halafu kule Ingolstadt, Ujerumani, alikoenda kusoma chuo, anajifungia chumba cha juu, nyumbani haandiki. Upweke kautafuta mwenyewe. Kiumbe anaomba mwenza mmoja tu basi, Victor anaanza kumtengeneza huko visiwa vya Orkney, Scotland, kisha anamchanachana huku kiumbe akiwa dirishani anaangalia.

Mary alianza kuandika haya 1816 akiwa na miaka 18, na mama yake alifariki siku chache tu baada ya kumzaa. Miaka 18 jamani.

Kasoro ipo, zile kurasa za Victor milimani zinajivuta sana. Na mkinunua tafuteni toleo la 1818, lile la 1831 lina Victor anayesingizia majaaliwa zaidi, mimi silipendi.

Ila msiruke barua za mwanzo kama wengi wanavyofanya. Walton, nahodha, yuko safarini kuelekea barafu ya kaskazini, anamwandikia dada yake Margaret kule Uingereza kwamba hana rafiki, na hii hadithi yote inatufikia kupitia barua zake. Pekueni mpaka ukurasa wa mwisho, jibu la Margaret halimo hata moja.