Sanduku la vifaa vya farasi: lipi ununue ukiwa Iringa, Mufindi au Mbeya

Wafugaji wa farasi huku nyanda za juu ni wachache, lakini wote wana malalamiko ya aina moja: tandiko limeota kuvu. Kuanzia Novemba hadi Aprili tunaloa mvua. Ikifika Juni na Julai, Mufindi inaamka kwenye ukungu na Njombe baridi inauma hadi mifupani. Ngozi ikifungiwa kwenye hali hiyo bila hewa, kuvu jeupe linatokea, nyuzi za mishono zinaoza taratibu na bizimu za mikanda zinashika kutu. Mwizi yupo, sawa, ila anakuja mara moja. Unyevu unakuja kila usiku. Kwa hiyo masanduku haya nimeyapanga kwanza kwa namna yanavyopitisha hewa, halafu ndipo uimara na bei.

Ila kabla ya kutoa hela, pima. Tandiko la Kiingereza lina uzito wa kilo 6 hadi 10 hivi, na linataka kukaa juu ya mti wa kulazia, mbawa zake, yaani ngozi za pembeni, zikining'inia. Ukilibana ubavu ndani ya sanduku finyu, mbawa zinajikunja na hazirudi vizuri. Sanduku lenye nafasi ya ndani ya sentimita 60 kwa upana na 60 kwa kimo linatosha. Urefu ukifika 100 unapata pa kuweka kofia, buti, hatamu na brashi. Tandiko la Kimarekani, lile lenye pembe mbele na linaloweza kupita kilo 15, usihangaike kulitafutia sanduku. Ligongelee mti ukutani.

Nafasi ya kwanza naipa sanduku la mbao la kuchongesha. Tunaishi jirani na msitu wa Sao Hill, mbao za paina zinashushwa Mafinga kila siku, na hakuna sababu ya kuagiza kitu Dar es Salaam ambacho seremala wa mtaani anakiweza. Mbao inaukubali unyevu kidogo na kuutoa, kwa hiyo ndani hakutoki jasho.

Ugumu uko kwenye kuchagua mbao yenyewe. Ya kwanza, iwe imekauka. Inyanyue: mbao mbichi ya futi 12 utaisikia mkononi kwa uzito, na ukiigonga inatoa sauti iliyozibwa. Fundi akikutengenezea na mbichi, baada ya miezi michache mfuniko umepinda na panya anapita. Ya pili, kataa zile zenye rangi ya kijani. Hizo zimetiwa dawa, na dawa inayotumika sana kwa mbao za paa ina shaba, kromiamu na aseniki. Kwa kenchi na nguzo za uzio hakuna ubaya. Kwa sanduku linalowekewa hatamu na lijamu, kile chuma cha mdomoni mwa farasi, tena karibu na mnyama anayependa kutafuna kona za mbao, hapana.

Uzito nao ufikirie. Sanduku la vipimo nilivyotaja, la paina iliyorandwa ikabaki unene wa sentimita 2, linafika karibu kilo 28 likiwa tupu. Likitengenezwa kwa mninga linakaribia 40. Mninga ni mzuri mno na mchwa hausumbui sana, ila mhurumie saisi, mtunza farasi wako, atakayelibeba hadi kwenye gari. Mimi ningechukua paina.

Ukishaelewana bei, mwambie fundi mambo haya waziwazi, maana asipoambiwa atakutengenezea sanduku la nguo. Matundu mawili kila upande mfupi, juu karibu na mfuniko, yafunikwe kwa wavu wa chuma wenye macho madogo. Wavu wa kuku haufai, panya mdogo anapenya, na panya wanapenda ngozi iliyoshika chumvi ya jasho. Miguu ya sentimita 8 au 10 ili sanduku lisigusane na sakafu ya saruji. Bawaba tatu, zisiwe mbili. Mnyororo mfupi wa kuzuia mfuniko usidondoke kwenye vidole. Na vanishi ikauke mpaka harufu iishe kabisa ndipo uingize ngozi. Hapo usikubali kuharakishwa na fundi anayetaka kufungua nafasi kwenye karakana.

Nafasi ya pili ni tranka la bati, lile lile la wanafunzi wa bweni. Ni rahisi kulipata kuliko kitu kingine chochote, sokoni Mwanjelwa, Mbeya, na kwenye maduka ya Iringa mjini yapo, panya hapenyi, mchwa hauli, na kwenye keria ya basi linavumilia. Kwa mtu anayeanza, mwenye hatamu mbili na brashi zake, linatosha.

Tatizo ni jasho. Nenda kwenye tranka lililolala bandani usiku wa Julai, lifungue saa moja asubuhi na upitishe kidole chini ya mfuniko: kinatoka kimelowa. Bati linapoa haraka, hewa ya ndani inaacha tone juu yake, na tone linaangukia kilicho chini. Dawa yake ipo. Toboa matundu ubavuni, gongelea plaiwudi nyembamba ndani ya mfuniko, na weka mkaa kwenye mfuko wa kitambaa utakaouanika juani kila wiki. Ukishayafanya hayo, tranka linakuwa kitu cha maana.

Wakati wa kununua, bonyeza katikati ya mfuniko kwa dole gumba. Likibonyea na kulia kama debe, ni bati jembamba. Kumbuka geji, kipimo cha unene wa bati, inahesabiwa kinyume: bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, na wauzaji wengine wanafurahi ukidhani namba kubwa ndiyo bora. Kagua pia ribiti za mishikio, ndizo zinazokatika mapema. Na usinunue Januari, wazazi wa kidato cha kwanza wakiwa wamejaa madukani, wala Julai kidato cha tano kinapoanza. Subiri Machi au Septemba uone kama muuzaji hatakuita mwenyewe.

Onyo moja kuhusu tranka: lisikae juani na kofia ya kuendeshea ikiwa ndani. Joto kali linadhoofisha povu linalokinga kichwa, na kwa macho hutaona tofauti yoyote.

La tatu, boksi la plastiki lenye vishikizo vya kubana. Jepesi, linaoshwa kwa maji, na kwa safari ya kutwa ni zuri. Weka humo brashi, ndoano ya kusafishia kwato, bandeji, dawa za vidonda. Ngozi usiiweke zaidi ya safari yenyewe, kwa sababu linabana hewa. Na blanketi la chini ya tandiko likiwa na jasho usilifungie humo, wala kwenye sanduku lolote katika haya, lianike kwanza.

Masanduku ya aluminiamu yenye magurudumu, yanayotengenezwa ng'ambo mahususi kwa wapanda farasi, ni mazuri kweli. Ila magurudumu yale yametengenezewa sakafu laini, siyo tope la njia ya banda letu, na gharama ya kusafirisha inaweza kukutengenezea sanduku jingine Mafinga. Labda kama mtu wako anarudi na kontena lenye nafasi.

Mapipa ya plastiki na mifuko ya turubai siyapi nafasi yoyote.

Ukikutana na sanduku la mtumba, yale wanayoyaacha wageni wakifunga shamba, anza na pua kabla ya macho. Harufu ya kuvu iliyoingia kwenye mbao haitoki kwa kupaka rangi. Kisha ligeuze uangalie kitako: ukiona njia za udongo za mchwa, au mbao inayoingia ukiichoma kwa ncha ya ufunguo, muache mwenyewe nalo. Bawaba zenye kutu siyo shida, zinabadilishwa siku hiyo hiyo, nawe una sababu ya kushusha bei.