Uzoefu wangu na Yamaha PW50: pikipiki ya mtoto wa miaka sita hapa Mwanza

Pikipiki tuliyoishia kuinunua ni Yamaha PW50 iliyotumika, ya bluu, plastiki zimechunika na kiti kimeshonwa upya. Ilikuwa ya familia iliyokuwa inahama kutoka Geita. Mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka sita na kilo ishirini na ushee, na baiskeli ya magurudumu mawili alikuwa ameizoea kabisa. Naipenda pikipiki hii na nitaeleza kwa nini. Ila kabla ya kuifikia tulikataa nyingine, na ilibaki kidogo tukatae zote. Mzazi anayewaza jambo hili naona atafaidika zaidi na sehemu hiyo kuliko na sifa za Yamaha.

Tulianza mjini. Vipikipiki vya Kichina vya cc 49, vile vya kuwasha kwa kuvuta kamba, vinavutia sana dukani: stika za moto, rangi kali, bei ambayo mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kujibana akaifikia. Baba yake alikuwa ameshaanza kuhesabu hela. Shemeji yangu, ambaye ni bodaboda Igoma, akaomba waiwashe kwanza nje ya duka. Akavuta resi, akaachia, injini ikaendelea kulia. Kebo imekwama. Muuzaji akasema, "Ni mpya hiyo dada, ikizoea inalegea yenyewe." Shemeji akaizima, akaniita pembeni: "Shemeji, hii tusinunue."

Tukaiangalia vizuri hata hivyo. Klachi yake hujishika yenyewe injini ikipanda mzunguko, kwa hiyo silensa, yaani mzunguko wa injini resi ikiwa imeachiwa, ikiwekwa juu kidogo, tairi la nyuma linaanza kusukuma bila mtoto kugusa kitu. Mkono wa breki ulikuwa mbali na kishikio, vidole vya mtoto wa miaka sita vinaufikia kwa ncha tu. Cheni ilikuwa wazi. Eksozi ilipita karibu na mguu bila kinga yoyote, na sisi watu wa Mwanza hatuhitaji kuelezwa hilo, nusu ya watu ninaowafahamu wana kovu la eksozi ya bodaboda kwenye shavu la mguu. Sisemi kila kipikipiki cha aina hiyo kiko hivyo. Nasema ukienda kununua, usikubali kuoneshwa kikiwa kimezimwa.

Halafu kuna mafuta yake. Injini hizo ni za kuchanganya petroli na oili, nyingi kwa kipimo cha moja kwa ishirini na tano, yaani mililita 40 za oili kwa lita moja ya petroli. Oili ya kuchanganya hapa kwetu unaipata kirahisi Mwaloni, Kirumba, kwa sababu wavuvi wanaitumia kwenye injini za mitumbwi. Ila angalia kopo. Oili iliyoandikwa TC-W3 imetengenezwa kwa injini za boti, zinazopozwa na maji ya ziwa muda wote. Injini ya pikipiki ndogo inapozwa na upepo, inachemka zaidi, na inataka oili ya pikipiki, iliyoandikwa JASO FC au FD. Zote zinachanganyika na petroli na zote zinatoa moshi, kwa hiyo ni rahisi mtu akuuzie moja badala ya nyingine bila nia mbaya.

Aliyetaka tusinunue chochote ni wifi yangu, muuguzi wa wodi ya mifupa. Hakupiga kelele. Alikuja nyumbani Buswelu jioni, akakaa na mama mkwe, akatueleza anachokiona kazini: mikono iliyovunjika juu kidogo ya kifundo kwa sababu mtoto akianguka anatanguliza kiganja, mapaja, na majeraha ya kichwa. Akaeleza kuwa mfupa wa mtoto una sehemu laini karibu na viungo, ndiyo inayokua, na ikiumia vibaya mguu mmoja unaweza kubaki mfupi. Akatuonesha pia msimamo wa madaktari wa watoto wa Marekani, American Academy of Pediatrics, walioutoa mwaka 2000: mtoto asiyefikia umri wa leseni ya gari asiendeshe chombo cha moto cha nje ya barabara, kiwe cha magurudumu mawili, matatu au manne. Mama mkwe akauliza swali moja tu: "Na nyie, mtakuwa wapi akianguka?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tuahirishe. Mume wangu anafanya kazi kwa zamu, mimi nina duka. Tulikubaliana kwamba kama hakuna mtu mzima wa kusimama pale muda wote injini inapowaka, pikipiki haiji nyumbani. Wala si mtu mzima aliyekaa kibarazani na simu. Aliyesimama, mwenye viatu vya kukimbilia. Tulipopanga Jumapili zetu hadi ikawa kweli inawezekana, ndipo tukarudi kwenye mazungumzo. Sijamshinda wifi kwa hoja, na sidai kwamba madaktari wale wamekosea. Kama nyumba yako haiwezi kutoa mtu huyo, fuata ushauri wao, mnunulie baiskeli nzuri.

Sasa PW50. Yamaha wameitengeneza tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 bila kuibadilisha sana, na ukiikagua unaona walimfikiria mtoto. Haina gia za kubadilisha. Haina cheni: nguvu inaenda gurudumu la nyuma kwa shafti iliyofunikwa, hakuna pa kunasa kidole wala kamba ya kiatu. Breki zote mbili ziko mikononi, mkao uleule wa baiskeli, hivyo kilichozoeleka kwenye baiskeli kinahamia moja kwa moja. Oili ina tangi lake na inajichanganya yenyewe, wewe unatia petroli tu na kuhakikisha tangi la oili halikauki. Swichi ina sehemu tatu: kuzima, kuwasha, kuendesha. Kiti kiko chini ya nusu mita kutoka ardhini, na mwanangu anakanyaga kwa nyayo zote mbili. Hicho cha mwisho ndicho nilichokipima kwanza. Mtoto anayegusa chini kwa vidole anaanguka akiwa amesimama.

Uzito ndio unaonipa mawazo. Ikiwa na mafuta ina kama kilo 41, mara mbili ya mtoto wangu. Ikimlalia hawezi kuinyanyua. Ndiyo maana sharti la mtu mzima si mapambo.

Kitu nilichokuja kukithamini kuliko vyote ni skrubu ndogo kwenye kishikio cha resi. Ukiikaza, resi haifunguki zaidi ya hapo hata mtoto avute vipi. Tulianza imekazwa hadi pikipiki inakwenda kwa mwendo wangu wa kutembea haraka. Sababu ni hii: mtoto akishtuka hafungui mkono, anaukaza. Pikipiki inaruka mbele, mwili unabaki nyuma, kiwiko kinashuka, na kile kitendo cha kujishikilia kinavuta resi zaidi. Anaogopa zaidi, anakaza zaidi. Mtu mzima anaweza kujiambia "achia". Mtoto wa miaka sita hawezi, na ukimpigia kelele ndiyo unazidisha. Nimeona jambo hilo kwa macho yangu, tena na skrubu imekazwa, na alichofanya ni kwenda mbele hatua chache kwa mwendo wa kawaida huku amekodoa macho. Bila skrubu angefika kwenye uzio.

Shemeji akaongeza kitu kingine. Alimchukua fundi wa injini za boti, rafiki yake, akatufungia swichi ya kamba ya kuzimia, ileile ambayo nahodha wa mtumbwi huifunga mkononi ili akitumbukia majini injini izime. Upande mmoja umeshikwa na kishikio, upande mwingine mtoto anafungwa kwenye mkono. Akitoka kwenye kiti, kamba inachomoka na injini inakata. Kazi ilimchukua fundi muda mfupi, kwa sababu waya wa kuzima hufanya kazi kwa namna ileile: unapeleka umeme wa plagi kwenye bodi. Kama una pikipiki ya mtoto ya aina yoyote, hata ya Kichina, na hutafanya jambo lingine kati ya haya, fanya hilo.

Helmeti ilitusumbua kuliko pikipiki. Zinazoning'inia kwenye maduka ya spea ni za watu wazima, na ya mtu mzima kwa mtoto ni hatari mara mbili: inazunguka kichwani, na uzito wake unaivuta shingo ambayo bado haina nguvu. Pima kichwa kwa futi ya fundi cherehani, juu kidogo ya nyusi, ununue kwa sentimita. Wa kwangu alikuwa 52. Tafuta lebo yenye herufi E ndani ya duara, ya viwango vya Umoja wa Mataifa, 22.05 au 22.06. Ya kwetu ilitoka Dar kwa basi. Vikinga magoti na viwiko, glavu na miwani tulivipata kwa bei nafuu, na miguuni anavaa buti zinazofunika kifundo. Suruali ya jinzi, hata jua likiwaka vipi. Weka bajeti ya vifaa hivi kabla ya pikipiki, maana hela ikiisha kwenye pikipiki utajishawishi kwamba leo aendeshe tu hivi hivi.

Kuhusu mahali, Mwanza ni jiji la mawe na miinuko, na mtaani kwetu hakuna pa kuendeshea. Barabarani hairuhusiwi kabisa: haina taa, haina namba, haina bima, na dereva wake hana leseni. Tunaipakia kwenye kirikuu hadi kwenye shamba la mkwe upande wa Kisesa. Kuna sehemu ya luseni, yaani udongo wa kichanga, iliyoshindiliwa na ng'ombe, tambarare, haina mawe, hapo ndipo anapoendesha. Majaruba yakikauka baada ya mpunga yanaonekana kama uwanja, lakini udongo wa mbuga unapasuka nyufa zinazomeza gurudumu dogo, na mvua ikinyesha ni gundi. Wengine wamenishauri ufukweni Luchelele. Mchanga laini haumfai anayeanza, gurudumu la mbele linazama na usukani unageuka wenyewe. Na Jumapili ufukweni kuna watoto wa watu.

Matunzo ni madogo ukiyafuata. Kiangazi vumbi la huku ni jingi, kwa hiyo sponji ya chujio la hewa naifua kwa sabuni, inakauka kivulini, naipaka oili ya chujio, inarudi. Mwanangu anashika tochi. Plagi na kebo za breki shemeji anazishughulikia. Spea za PW50 hazipo mjini, tunaagiza, na huo ni upungufu wa kweli kwa mtu wa Mwanza. Kipikipiki cha Kichina kina spea nyingi na rahisi. Sauti nayo ipo, na moshi, kwa hiyo kuiwasha uani Buswelu ni marufuku.

Nimeulizwa kuhusu za umeme, zile zinazofanana na baiskeli isiyo na pedali, kama Stacyc, kampuni ambayo Harley-Davidson waliinunua mwaka 2019. Kwa mtoto wa miaka mitatu hadi mitano naona ndizo zenye akili zaidi: nyepesi kiasi kwamba mtoto anaweza kuisukuma mwenyewe, zina viwango vya mwendo, hazichomi mguu. Kilichotuzuia ni bei na usafirishaji. Mdogo wake wa kike, mwenye miaka minne, ameshaanza kulia anataka ya kaka. Tumempelekea fundi baiskeli yake ndogo, ametoa pedali na kushusha kiti, na sasa anajisukuma kwa miguu na kuteleza uani kutwa nzima. Usawa wote anaouhitaji anaupata hapo, bila petroli.

Kaka yake sasa ana kilo 23. Yamaha wameweka kikomo cha mwendeshaji kuwa kilo 25, na magoti yake yameanza kukaribia usukani, kwa hiyo muda wake umebaki mfupi. Baba yake ameshaanza kutaja Honda CRF50, yenye gia tatu, na hilo tutalijadili wifi akiwepo. Hii ya bluu tutaiuza pamoja na kamba yake ya kuzimia. Anayeitaka aje na mtoto, na mtoto aje na baiskeli yake. Akiendesha mbele yangu na kusimama pale nitakapomwambia asimame, ndipo tutazungumza bei.